Marejeleo ya kazi ya utafiti: tukate alama za koma au za chanzo?

Walimu wa sekondari hawajakubaliana orodha ya marejeleo isahihishwe kwa ukali kiasi gani. Wapo wanaokata alama kwa kila nukta iliyokaa pasipo pake. Wengine wanasema mradi hoja imeeleweka, hayo mengine mwanafunzi atayakuta chuo kikuu.

Wakali wana hoja nzito. Kanuni hizi hazikutungwa kumtesa mtu. Mtindo wa kuandika marejeleo uitwao APA, unaotumika sana katika sayansi ya jamii, unataka jina la mwandishi na mwaka, maana huko msomaji hujali utafiti ni wa lini. MLA, wa lugha na fasihi, unataka jina na ukurasa, kwa sababu mjadala ni juu ya maneno yenyewe. Tena anayeandika rejea palepale anaposoma hapotezi vyanzo. Anayesubiri usiku wa mwisho hubaki na sentensi nzuri asizojua alizitoa wapi.

Lakini kanuni zenyewe hubadilika. Toleo la 8 la mwongozo wa MLA, la mwaka 2016, liliacha kudai mji wa uchapishaji kwa vitabu vingi, na toleo la 7 la APA, la 2019, nalo likauondoa. Aliyekatwa alama mwaka 2014 kwa kusahau mji aliadhibiwa kwa jambo ambalo leo haliulizwi. Na kupanga italiki na koma, programu kama Zotero inafanya kwa sekunde chache.

Kwangu mimi, makosa makubwa hayako kwenye orodha kabisa, yako katikati ya aya. Tuseme kitabu kinaandika: "Usingizi mfupi hupunguza uwezo wa ubongo kuhifadhi kumbukumbu." Mwanafunzi anaandika: "Kulala kidogo hushusha nguvu ya ubongo kutunza kumbukumbu." Amebadili maneno, lakini sentensi bado ni ya mwandishi wa kitabu. Hata akiweka rejea safi mwishoni, hajaonyesha kwamba ameelewa. Afunge kitabu, aeleze jambo hilo kwa lugha yake, kisha aweke rejea.

Mpangilio nao huharibika hivyohivyo. Wengi hupanga kazi kwa kufuata vyanzo: aya ya kitabu cha kwanza, aya ya cha pili, basi. Hiyo ni ripoti ya usomaji. Mada kama "usingizi na afya" haimpi mwandishi pa kushika. Akiuliza iwapo masomo yakianza baadaye asubuhi wanafunzi watafaidika, vyanzo vinaanza kujibizana. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilipendekeza shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Upande wa pili yupo anayehoji ratiba za mabasi na za wazazi. Hapo kila aya ina kazi, na rejea inaonyesha nani amesema nini.

Kisha ikaja akili mnemba. Mwaka 2023, mawakili wawili mjini New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kesi hizo zilikuwa na majina na namba kama kesi za kweli. Zamani rejea iliyopangwa vizuri ilikuwa dalili ya umakini. Sasa umbo hilo ndilo rahisi kuliko yote kughushi, na hapa msimamo wa wakali unalegea sana.

Ningebaki mkali, ila kwenye chanzo. Mwalimu achague rejea mbili, mwanafunzi afungue ukurasa na aonyeshe sentensi aliyoitegemea. Asipoiona, alama nyingi ziondoke. Koma iliyokosewa izungushiwe kalamu nyekundu tu. Katika darasa kubwa zoezi hili litakula muda, hilo halipingiki, lakini muda uleule tayari unatumika kuhesabu nukta.