Wali wa mwenyeji, mboga za wageni

Mwezi uliopita niliandika ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Tanga: "Jumamosi kwangu Makorora baada ya magharibi, kila mtu aje na chakula." Mama alikuwa pembeni yangu anachambua mchicha. Nilipomsomea, akaweka ungo chini. "Mwanangu, unaalika watu au unachangisha?" Sikuwa na jibu. Sisi marafiki tunakula hivi mwaka wa 4 sasa, watu 11 tunaozungukana nyumba kwa nyumba, na hatujawahi kukaa tukajiuliza kama huu ni ukarimu au ni namna ya kuukwepa.

Wapo wanaosema mtindo huu umetoka nje. Wazungu wanauita potluck, na ni kweli Wamarekani wameuzoea sana, makanisani na maofisini. Ila Uingereza ya karne ya 16 neno hilo lilikuwa na maana tofauti: mgeni aliyefika bila taarifa alikula kile alichobahatika kukikuta chunguni. Hakuna aliyebeba kitu. Sisi wa pwani tulikuwa na maneno yetu mawili. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na mwenye zamu ndiye anayetoa. Kula bia ni kila mmoja kutoa fungu lake, mkala kilichokusanyika. Hili la pili limefunikwa na jina la kinywaji, ukilitamka leo Ngamiani utaeleweka vingine kabisa, lakini jambo lenyewe halijafa. Kila Ramadhani masinia yanatoka majumbani kwenda barazani: huku muhogo wa nazi, huku tambi, huku uji wa pilipili manga, na mpita njia anaitwa akae afuturu. Kwa hiyo hoja ya kwamba si desturi yetu naiweka kando mapema.

Hoja ya mama ni nyingine, nayo ni nzito. Yeye hakusema mgeni asije na kitu. Kwetu mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu, na bakuli la jirani halirudishwi tupu, walau utatia vitumbua viwili au machungwa. Anachokataa ni kumwagiza mgeni. Alichobeba kwa hiari yake ni zawadi. Ukimwagiza, kinageuka kiingilio. Angalia na yale masinia ya futari: hakuna aliyepangiwa, na hakuna anayeuliza lipi limetoka nyumba ipi.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa mjini tunalipita haraka. Yupo mwanamke anayepika mwaka mzima, asubuhi na jioni, na siku pekee anayopakuliwa ni siku aliyoalikwa. Ukimwambia na siku hiyo aje na sufuria, umemnyang'anya mapumziko yake. Wakwe, mzee, mgeni aliyesafiri kutoka Lushoto au Handeni, mtu anayekanyaga kwako mara ya kwanza: hawa wapikiwe, na kama uwezo haupo, chai na mkate wa kumimina vinamtosha mtu aliyepokewa kwa uso mzuri. Hapo niko na mama bila kupepesa.

Lakini kwa marafiki wanaokutana kila mwezi, nimeshuhudia kinachotokea mwenyeji akibeba yote. Mwaka wa kwanza tulianza kwa kikoa chenyewe, zamu kwa zamu. Kupikia watu 11 maana yake ni kuamka mapema kuwahi samaki sokoni Deep Sea, kukuna nazi 8 mpaka kiuno kinakufa ganzi juu ya mbuzi, kupika michuzi miwili, wali, kachumbari, juisi. Wageni wanafika, wewe bado una jasho la jikoni. Unawasikia wakicheka sebuleni, unapeleka sahani, unarudi kutazama tui lisikatike. Mwisho unakula ukoko, umesimama. Umewaalika rafiki zako na hukuongea nao. Na zamu zilipofika kwa wale ambao mshahara wao unakwisha tarehe 10, ndipo tukaanza kusikia udhuru: mtoto anaumwa, nyumba inapakwa rangi. Ndani ya miezi 7 kikoa kilikuwa kimekufa. Tukahamia kwenye bia, na tukarudi wote. Kwa hiyo anayesema kuchangiana kunaua ukarimu inabidi aeleze pia ni nini kilichouua ukarimu wa zamu.

Hata hivyo bia ina maradhi yake, na lililo baya zaidi kwangu halihusu fedha.

Mwenzetu mmoja alikuja siku moja na bada. Kwa wasioijua, ni ugali wa unga wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, rangi yake imefifia kuelekea kijivu, na ukiula ungali wa moto na mchuzi wa samaki hutatamani kingine. Alikuja kwa bajaji, amelipakata bakuli mapajani, limefunikwa kwa kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe. Mezani kulikuwa na pilau, kuku wa kupaka, katlesi zilizopangwa duara. Watu wakapiga picha. Sahani zikajaa pilau. Bada likakaa pembeni, likaanza kupoa na kukaza, na mtu alipolifunua akalifunika tena. Nilikula tonge mbili, sikutangaza. Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimwona analifunga kile kitambaa, anakaza fundo polepole, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Miezi miwili iliyofuata hakuja. Bado najilaumu kwamba nilikuwa mwenye nyumba na sikulipakua lile bada kwa mkono wangu, sahani kwa sahani.

Pale ndipo nilipoona kwamba meza ya kuchangiana ni mizani. Chakula cha mwenyeji mmoja hakilinganishwi na kingine, kinaliwa. Vyakula vya watu 11 vikipangwa pamoja, kila bakuli linabeba uso wa aliyelileta, na kinachobaki kinasomwa. Wenye nacho wanaongeza viungo, wasio nacho wanaanza kukopa ili wasiaibike.

La wanaume nalisema kwa ufupi kwa sababu kila mtu analijua. Kati yetu 11 wanaume ni 4, na kwa miaka miwili mchango wao ulikuwa kreti ya soda na katoni ya maji, vimenunuliwa njiani dakika 10 kabla. Wanawake 7 walikuwa wametoka kazini na kupitiliza jikoni. Utetezi wa wanaume ni kwamba fedha ni ile ile. Fedha sawa, lakini saa 3 za jikoni hazikuhesabiwa. Sasa wanakwenda kuchagua samaki, wanaparua, wanachoma. Mmoja wao kolekole wake wa kuchoma umewashinda wengi wetu, na nasema hili kwa kumheshimu.

Usalama wa chakula nao hauna budi kusemwa, maana joto letu si la mchezo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, kwa kuwa vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Sasa chukua mchuzi wa nazi uliopikwa Muheza saa 8 mchana, ukapanda daladala, ukashuka stendi, ukasubiri bodaboda, ukafunguliwa kwangu saa 1 na nusu usiku. Uliwahi kutufika hivyo. Nilipofungua hotipoti niliona povu dogo pembeni na harufu ya uchachu ikanipanda puani. Aliyeuleta alikuwa amesimama nyuma yangu. Kuumwaga ni kumvunja, kuupakua ni kuwaumiza watu 10. Niliumwaga, kisha nikamshika mkono nikamwambia ukweli kwamba ni mwendo ulioharibu, si mkono wake. Hotipoti ya kawaida hutunza joto kwa muda tu, haipashi, na ukitia chakula cha uvuguvugu umewatengenezea wadudu kitanda.

Wali ndio wa kuogopwa zaidi, ingawa hauonyeshi. Kuna kijidudu kiitwacho Bacillus cereus ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na wali ukiachwa saa nyingi katika joto, kijidudu hicho hutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Mtu anatapika usiku kucha akidhani ni samaki.

Suala la dini tumelitatua bila kikao. Tuko mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, na swali la nyama imechinjwa na nani, sufuria imepikiwa nini, lingeweza kutugawa. Bahati tuko Tanga. Samaki hana swali la kuchinjwa. Wenzetu Wakristo wanaleta samaki, kisamvu, maharage ya nazi, matunda. Nyama inapikwa na Waislamu. Hakuna aliyeona amepunguzwa. Na mwenye sukari au presha anasema mapema, tunatoa bakuli lake kabla ya kutia chumvi.

Kuna wanaoshauri tuchange fedha, tumlipe mpishi, yaishe. Tulijaribu mara moja. Tulishiba, na mezani hakukuwa na cha kuulizana, si "nani kapika hiki" wala "ulitia nini humu". Sikuitaka tena.

Kwa hiyo nasimama upande wa bia, ila si ile ya "kila mtu aje na chochote" niliyoiandika. Mama alikuwa sahihi juu ya ujumbe ule: ulikuwa ujumbe wa mtu asiye na nyumba. Tangu hapo tumekubaliana jambo moja, kwamba wali ni wa mwenyeji. Mwenye zamu anapika wali wa kuwatosha wote, ukiwa jikoni kwake, unapakuliwa ungali unafuka. Unaondoa hatari ya wali kusafiri. Anayechelewa hawaachi wengine na njaa. Bakuli likikosekana, bado watu wamekula. Na mgeni akiingia anakuta chungu cha mwenye nyumba kiko motoni kwa ajili yake, kwa hiyo mboga aliyobeba inarudi kuwa zawadi. Mboga nazo hatuweki tena kwenye mabakuli ya kutazamana. Mwenyeji anazipakua zote kwenye masinia matatu, pweza karibu na kisamvu, kisamvu karibu na bada, tunakaa wanne wanne mkekani.

Kuna moja bado hatujalimaliza. Mwenzetu mmoja kazi yake imesimama tangu Machi, na nyumbani kwao kuna mnazi mmoja uani. Tulimwambia alete nazi tu. Anazileta, na anakuja saa 10 kunikunia kabla ya wengine. Mama anasema tumefanya vyema. Mimi nikimwona ameinama juu ya mbuzi, machicha yamemrukia usoni, sina hakika kama anajisikia mgeni au msaidizi, na sijapata namna ya kumuuliza.