Faini za Ulaya na zabibu za mzee wangu

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma.

Mimi ni fundi simu. Kazi nilijifunzia Majengo, pembeni ya soko, na leo naifanya Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels. Juzi mtoto wa shangazi alinipigia akasema Wazungu wa Ulaya wana wivu na Wamarekani, ndiyo maana hawachoki kuitoza Google faini. Neno lile limenikaa kichwani, maana wengi nyumbani wanaamini hivyo. Hata Rais Trump, Septemba 2025 Google ilipotozwa yuro bilioni 2.95 kwa mambo ya matangazo ya mtandaoni, aliiita dhuluma na kutishia kulipiza kibiashara.

Mimi naona tofauti, na naiona mezani kwangu. Mteja akiwasha simu mpya ya Android hapa, inamwuliza anataka kutafutia mambo mtandaoni kwa kutumia nini, na kumwekea majina kadhaa achague. Swali hilo lilipiganiwa. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachosimamia ushindani wa biashara, iliitoza Google yuro bilioni 4.34, kwa sababu kampuni ya simu iliyotaka duka la Play ilibanwa kuweka pia kivinjari cha Chrome na programu ya Google ya kutafuta. Mwaka 2022 mahakama ilishusha faini hadi bilioni 4.125, kosa likabaki kosa. Simu niliyomnunulia mama Dodoma nilipokuja likizo haikumwuliza kitu.

Wala hawakamati wageni peke yao. Mwaka 2016 Tume hiyohiyo iliwatoza watengenezaji wa malori wa Ulaya, wakiwemo Daimler, DAF na Iveco, jumla ya yuro bilioni 2.93 kwa kupatana bei kwa miaka 14. Scania ilikataa kukiri, mwaka uliofuata ikatozwa milioni 880. Ni Scania hizihizi zinazopita Kibaigwa na mahindi. Na Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Washington, Mmarekani anayefuata sheria ya Marekani, aliamua kwamba Google ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake.

Sasa turudi nyumbani. Julai 2025 serikali yetu iliwapiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15. Kutengeneza simu imo. Niliisoma mara mbili, mimi mgeni ninayekula kwa kutengeneza simu kwenye nchi ya watu. Kilio cha wenye maduka Kariakoo, kwamba wageni wanawanyang'anya biashara, nakielewa, sikibezi. Lakini kwenye orodha ile kuna jambo lililonigusa zaidi: kununua mazao shambani.

Mzee wangu analima zabibu Mpunguzi. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikishaiva haimsubiri mtu. Nikiwa kidato cha tatu walikuja wanunuzi watatu, kila mmoja siku yake na gari lake, bei ni ileile mpaka shilingi ya mwisho. Wa kwanza mzee alimkatalia. Wa pili akamkatalia. Wa tatu alipofika, nyuki walishajaa shambani, mzee akauza zilizokuwa bado nzima. Nyingine zilioza palepale kwenye mizabibu, na ada yangu ikalipwa na mbuzi wawili. Wanunuzi wale wote walikuwa Watanzania wenzetu. Kumfukuza mnunuzi mgeni kusingemwongezea mzee hata senti. Kungepunguza tu idadi ya wanaokuja kupiga hodi.

Sheria ya kuwabana wanunuzi wanaopatana bei tunayo tangu 2003, pamoja na Tume ya Ushindani, FCC. Ilipotungwa iliweka faini ya asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni. Ukomo wa Ulaya nao ni asilimia 10. Kwenye karatasi tuko sawa kabisa! Ila huku mkulima, mwenye duka, hata kampuni ndogo ya programu, hupeleka malalamiko na kuyafuatilia miaka. Kwetu tunanung'unika chini ya mbuyu, kisha tunapakia mzigo.

Mavuno ya Agosti yanakuja. Mlioko Mpunguzi, Hombolo na Makutupora, andikeni kwenye daftari kila bei mtakayotajiwa, tarehe, na nani kaitaja. Mzee ameshaanza lake. Nikipata matatu au manne yanayofanana, barua ya FCC nitaiandika mwenyewe.