Milima, Mawe na Wafalme: Jiografia Iliwaamulia Wamaya Mambo Gani?

Hoja kwamba nyanda za juu za Guatemala na Chiapas, kusini mwa Meksiko, ndizo zilizoamua maisha ya Wamaya wa kale, wenyeji wa sehemu hizo za Amerika na nyanda za chini jirani, ina nguvu yake, na anayetaka kuipinga hana budi kuanza na obsidiani. Jiwe hili jeusi la volkano, linalong'aa kama kioo, liliwapa makali ya visu watu ambao kwa karne nyingi hawakuwa na zana za chuma, na machimbo yake makuu, El Chayal, Ixtepeque na San Martín Jilotepeque, yote yako milimani. Kwa kuwa kila chimbo lina alama yake ya kikemia, wataalamu wamefuatilia vipande vyake hadi mji wa Tikal, katika nyanda za chini zisizo na volkano hata moja. Mji wa Kaminaljuyú, ambao mabaki yake leo yamezingirwa na Jiji la Guatemala, ulinufaika kwa kuwa jirani wa El Chayal. Hapo jiografia haikuwa pambo.

Jade, jiwe gumu la kijani, ni habari nyingine. Ilichimbwa katika bonde la Motagua na ilichongwa hata mashoka, lakini thamani yake kubwa ilitokana na imani, kwani ukijani wake ulihusishwa na maji na mahindi machanga. Pakal, mfalme wa Palenque aliyefariki mwaka 683, alizikwa na barakoa ya jade mbali sana na Motagua. Mlima ulitoa jiwe. Bei ilipangwa katika majumba ya wafalme wa nyanda za chini. Tena, El Mirador, mji wa nyanda za chini, ilijenga hekalu la takriban mita 70 kwa mawe ya chokaa, ilhali Kaminaljuyú, pamoja na utajiri wake wote, ilijenga zaidi kwa udongo.

Kwa maoni yangu, Quiriguá ndiyo inayoipa hoja hiyo mtihani mgumu zaidi. Mji huo ulikaa kando ya mto Motagua, kwenye njia ya jade, lakini kwa muda mrefu ulikuwa chini ya Copán, mji mwingine wa Wamaya. Mwaka 738 mtawala wake, K'ak' Tiliw Chan Yopaat, alimkamata mfalme wa Copán na kumkata kichwa. Kufikia mwaka 771 alikuwa amesimamisha nguzo ya jiwe moja yenye urefu wa zaidi ya mita 10, kando ya mto uleule alioutazama alipokuwa bado mtawaliwa.