Mdhamini Wangu Ana Miaka 29

Kwa miaka 16 nimekuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, na muda wote huo niliamini kwamba kuitambua nondo ya milimita 12 gizani kwa kuipapasa tu ni elimu tosha. Imani hiyo ilikufa siku tulipoletewa meneja wa miaka 29 mwenye shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ambayo Harvard ilianza kuifundisha mwaka 1908, na ambaye saruji iliyoganda huiita "changamoto ya mnyororo wa ugavi". Nikaapa kuitafuta shahada hiyo, nikanunua bando, nikaketi.

Sikujua kwamba kuchagua chuo kunachosha kuliko kuchagua mchumba, ambaye angalau hadai ada ya maombi isiyorejeshwa. Kwanza niliiota Marekani. Huko vyuo vingi hupokea mtihani uitwao GMAT, wenye maswali 64 ya kujibiwa kwa saa mbili na robo, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Nilipoona kwamba aliyefanya vibaya kupita wote hupewa 205 nilifurahi mno, kwani shuleni kwetu mtu wa namna hiyo alipewa yai, na viboko juu yake. Furaha ilikoma nilipoibadilisha ada yao kuwa shilingi, nikapata tarakimu nyingi hata nikadhani ni namba ya simu.

Nikarudi nyumbani. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992 na kinachowafaa watu wenye kazi zao, kilinivutia hadi nilipokumbuka kwamba nyumba ninayotaka kujisomea ina watoto wanne na televisheni moja. ESAMI, taasisi ya usimamizi ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, iko Arusha, na baridi ya kule mimi siiwezi. Mwishowe nikaangukia chuo chenye masomo ya jioni, ambacho sikitaji kwa sababu bado nakiomba.

Chuo hicho kilitaka wastani wa 2.7 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, nami ninao 2.8, kwa hiyo nilijiona msomi kwa muda wa kama dakika kumi. Kisha wakagundua kwamba cheti cha kuzaliwa kinaniita Shabani, cha kidato cha nne Shaban, na cha shahada Shaaban. Nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao watatu ni mimi mmoja, naye akatutoza wote watatu.

Halafu ikaja insha ya maneno 500 kuhusu maono yangu ya miaka kumi ijayo, wakati maono yangu ya mbali kabisa ni kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Niliandika juu ya "mageuzi ya kimkakati" nikiwa nimefumba macho kwa aibu.

Lakini yote hayo ni mepesi mbele ya wadhamini, yaani watu wawili wa kukuandikia barua ya kukupendekeza chuoni. Wa kwanza alipaswa kuwa mhadhiri aliyenifundisha, na wangu amestaafu siku nyingi. Nilipompigia simu aliniuliza nilikuwa nikikaa upande gani darasani. Nikamjibu kwamba nilikaa nyuma kabisa. "Basi sikuoni," akasema, ingawa alikubali kuandika kwa huruma. Wa pili, kwa mujibu wa fomu, ni lazima awe mkuu wangu wa kazi wa sasa, yaani yule yule kijana ambaye naisaka shahada hii ili nikikalie kiti chake.

Alinipokea vizuri. "Mzee Shabani, niandikie rasimu, mimi nitaisahihisha." Nikakesha nikijisifu katika kurasa mbili: mbunifu, kiongozi mahiri, nguzo ya kampuni. Ilirudi ikiwa na wino mwekundu kila mahali, na kilichonusurika ni sentensi mbili: "Namfahamu mwombaji. Hufika kazini." Alisema hata hivyo kwamba ataitafakari upya, kisha ataituma mwenyewe moja kwa moja chuoni kwa mtandao, kwa kuwa mwombaji haruhusiwi kuiona.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Kila nikiufungua ukurasa wa maombi nakuta pameandikwa kwamba mdhamini wangu bado hajajibu. Na juzi asubuhi, tulipokutana mlangoni mwa ghala, nilijisikia nikimwamkia shikamoo mtoto niliyemzidi miaka 14, naye akaitikia marahaba bila hata kusita.