Neva ikishaunguzwa na mgongo ukaendelea kuuma: nionavyo nikiwa Uingereza

Wengi wetu tunaoishi Uingereza, na ndugu zetu walioko Tanzania kutuzidi, huamini kwamba tiba ya mgongo huku haina mwisho: mashine moja ikishindwa italetwa nyingine iliyo ghali zaidi. Mimi niliyeunguzwa neva za mgongo na kuendelea kuumwa naona kinyume chake. Kilicho na thamani huku si mashine, bali ni miongozo inayomwambia daktari ni lini asichome, asipasue na asiandike dawa. Na kinachotupunja nyumbani si kuikosa mashine hiyo, bali ni mgonjwa kuanza tiba kabla ya mtu yeyote kujua anaumwa nini.

Nieleze kwanza tiba yenyewe, kwa sababu ukiijua ilivyo utaelewa pia kwa nini hushindwa. Nyuma ya uti wa mgongo, kila pingili imeungana na mwenziwe kwa viungo viwili vidogo, kimoja kila upande, na kila kiungo hupeleka habari za maumivu kwa neva mbili nyembamba. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, daktari akaingiza sindano huku akiangalia picha ya eksirei kwenye skrini, kisha akapitisha umeme kidogo wa kujaribia. Misuli ya kando ya uti hurukaruka, nayo macho ya daktari yako kwenye mguu, kwa maana mguu ukitikisika ni dalili kwamba sindano imesogelea neva isiyopaswa kuguswa. Baada ya ganzi, ncha ya sindano hupashwa joto la nyuzi 80 hivi kwa dakika moja au moja na nusu, ili neva iungue isipeleke tena habari za maumivu. Shirika la NICE, linaloandika miongozo ya tiba ya Uingereza, lilieleza mwaka 2016 kwamba tiba hii ifikiriwe kwa yule ambaye tiba nyingine hazikumfaa, anayekadiria maumivu yake kuwa 5 au zaidi kati ya 10, na ambaye sindano ya majaribio ya ganzi katika neva hizohizo imempa nafuu.

Sindano hiyo ya majaribio ndiyo moyo wa shauri lote, maana maumivu yakiendelea swali la kwanza ni iwapo neva zilizounguzwa ndizo zilizokuwa zikileta maumivu. Kabla ya swali hilo lakini kuna subira: wiki za mwanzo mgongo huweza kuuma au kuwasha kama umeungua na jua, na nafuu yenyewe huweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza. Wiki hizo zikipita bila mabadiliko, huenda sindano iliikosa neva, au maumivu yanatoka kwenye diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili, kwenye kiungo cha nyonga, au pale mfupa wa kiuno unapokutana na nyonga. Aliyepata nafuu ya miezi 6 hadi 12 kisha akarudi kuumwa yuko katika hali nyingine kabisa. Neva zake zimeota upya, na kurudia tiba ni jambo la busara. Kumrudishia tiba hiyohiyo yule ambaye haikumsaidia hata siku moja, bila kumpima upya, naona ni kumpotezea muda.

Baada ya kupimwa upya njia ziko kadhaa, ila hazimfai kila mtu. Ambaye maumivu yake yanashuka mguuni kwa sababu ya neva iliyobanwa anaweza kupewa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na neva hiyo. Mwenye maumivu sugu ya neva yaliyodumu zaidi ya miezi 6 anaweza kufikiriwa kuwekewa kifaa cha umeme cha kuchochea uti wa mgongo, baada ya kifaa hicho kujaribiwa kwanza. Kwa maumivu ya kiuno yasiyo na dalili ya neva kubanwa, mwongozo wa NICE unakataa sindano za steroidi, unakataa dawa za jamii ya morfini kwa maumivu sugu, na unakataa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva. Kinachobaki, nacho hakimpendezi mtu aliyekuja na matumaini ya mashine, ni mazoezi ya muda mrefu pamoja na mafunzo ya kuishi na maumivu yanayoendeshwa na mtaalamu wa viungo na mwanasaikolojia. Majaribio ya Uholanzi yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kuunguza neva juu ya mazoezi hakukuongeza nafuu ya maana kuliko mazoezi peke yake. Matokeo hayo yamebishaniwa sana na wataalamu wa sindano, lakini mimi yamenifanya niheshimu mazoezi.

Upasuaji ndio mahali ninapotofautiana na ukoo wangu. Mama mkubwa alituma sauti kwenye kundi letu akisema, "Mwanangu, hao wameshindwa, tujichange uende India." Namshukuru kwa mapenzi yake. Hata hivyo, kuunganisha pingili kwa vyuma kwa ajili ya maumivu ya kiuno tu ni tiba ambayo mwongozo wa hapa unasema isitolewe nje ya utafiti, na daktari wa India aliye mwaminifu angeniuliza yaleyale niliyoulizwa hapa. Ni tofauti kabisa na mtu ambaye mguu unalegea, au aliyeshindwa ghafla kuzuia mkojo, au aliyekufa ganzi sehemu za siri na makalioni. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, awe Birmingham au Handeni.

Uingereza nayo isisifiwe kupita kiasi. Lengo la wiki 18 tangu rufaa hadi tiba limekuwa likikosekana kwa miaka, na anayekuja kuishi kwa viza ya muda mrefu, kama ya kazi, kwa kawaida hutozwa ada ya afya, iliyopandishwa mwaka 2024 hadi pauni 1,035 kwa mwaka, kisha akapanga foleni kama wengine. Mazoezi hufundishwa kwa vikao vichache, halafu unarudi chumbani peke yako, wala hakuna shemeji wa kukuuliza kama leo umetembea.

Nyumbani watu hao wapo, na mikono ipo. Kukandwa kwa mafuta ya nazi na kuumikwa sikudharau, mradi hakuchukui nafasi ya kipimo. Ninachokilaumu ni sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ya duka la dawa inayorudiwa kila mgongo unapouma, kwa sababu kwetu mgongo usiopona unaweza kuwa kifua kikuu cha uti, ambacho dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kisipotibiwa huacha kibiongo au hupoozesha miguu. Daktari wa huku, asiyekiona mara kwa mara, anaweza kuchelewa kukifikiria. Wa kwetu anapaswa kukifikiria mapema. Fedha za India nimeomba zitumike kumpeleka hospitali ya Bombo, Tanga, binamu yetu wa Korogwe, anayeumwa mgongo huku akikonda na kutoka jasho usiku, apigwe picha na kupimwa kabla hajakandwa tena.