Ukienda Ujerumani, Ingia Karakana Kabla ya Kasri

Wasafiri wengi wanaokwenda Ujerumani hurudi na picha za makasri, makanisa na nyumba za kale zenye fremu za mbao, na siwalaumu, kwa kuwa mji kama Quedlinburg, wenye nyumba za namna hiyo zaidi ya elfu moja, humfanya mgeni atembee shingo juu kutwa nzima. Hata hivyo, naamini kwamba historia ya miji hiyo imetunzwa zaidi mikononi mwa mafundi wake kuliko kwenye kuta, na kwamba anayepita bila kuketi karakanani hata nusu saa ameuona mji kwa nje tu.

Jambo hilo lilinikaa moyoni nilipofika Seiffen, mji mdogo wa Saksonia katika milima ya Erzgebirge, karibu na mpaka wa Cheki. Kwa karne nyingi wenyeji waliishi kwa kuchimba bati. Madini yalipopungua, waligeukia mbao, na nguvu ile ile ya maji iliyokuwa ikiponda mawe ya migodini ikawekwa kuzungusha mashine za kukereza. Hapo ndipo ulipokomaa ufundi unaoitwa Reifendrehen.

Fundi huchukua kipande cha gogo la msonobari kilicho kibichi, chenye maji, kilichokatwa duara, akakifunga kwenye mashine. Patasi inapokigusa, maranda marefu yenye unyevu huruka na kumwangukia mabegani, na karakana yote ikanukia utomvu. Huchonga upande mmoja, akakigeuza na kuchonga wa pili, mpaka ibaki pete yenye mabonde na vilima ambavyo mtazamaji hajui ni vya nini. Kisha huweka kisu juu ya pete na kukigonga kwa nyundo. Kipande kinaachana, na pale kilipokatwa unamwona farasi mzima: miguu, shingo na kichwa. Akigonga tena, anatoka farasi wa pili. Muda wote umbo lile lilikuwa kichwani mwake, kwa maana halionekani popote hadi pete ipasuliwe.

Baada ya kuyaona hayo, sikuthubutu tena kulalamikia bei. Madukani zipo nakala za viwandani zinazouzwa rahisi, na mgeni asiyejua huzinunua akidhani amepata kumbukumbu ya mahali. Mimi ningemshauri anunue mnyama mmoja aliyetoka kwenye pete kuliko kujaza begi. Ninavutiwa pia na heshima ambayo sheria ya Ujerumani inaipa kazi hii: tangu 2020, anayetaka kufungua karakana ya kukereza mbao na kutengeneza midoli ya mbao anatakiwa, kwa kawaida, kuwa na cheti cha fundi mkuu. Kwetu, mtoto anayependa randa na patasi bado huambiwa kwamba ameshindwa shule, na hilo linaniuma.

Magharibi zaidi, katika jimbo hilo hilo, upo mji wa Markneukirchen. Mafundi wa fidla waliohama Bohemia kwa sababu ya imani yao walianzisha chama chao hapo mwaka 1677, na baadaye biashara ya ala za muziki ilikua hata Marekani ikafungua ofisi ya kibalozi katika mji mdogo kiasi hicho. Makumbusho yake ya ala, yaliyoanzishwa 1883, yanastahili siku nzima.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuwa rafu moja katika karakana ya klarineti. Juu yake vilipangwa vipande vyeusi vya mti, vizito kama chuma, vinavyoachwa vikauke kwa miaka kabla ya kutobolewa. Nilivitambua kabla sijaambiwa, kwa kuwa ni mti ule ule ambao wachongaji wa Kimakonde huketi nao pale Mwenge, Dar es Salaam. Mzee mwenye karakana alinipa kipande nikishike, nami nikamwambia kwamba kwetu unaitwa mpingo. Akalirudia jina hilo mara tatu, mpaka ulimi ukalizoea, kisha akachukua penseli na kuliandika kwenye ubao wa ile rafu.