Kemia ya pili: wiki sita za kiangazi au muhula mzima?

Kila ikifika Aprili, wenzetu wanaosoma vyuo vya jamii hapa Marekani huniuliza swali lilelile: sehemu ya pili ya Kemia ya Jumla niimalize kiangazi kwa wiki 6, au nisubiri muhula wa wiki 15?

Tuanze na hesabu. Darasa la saa 3 kwa wiki na maabara ya saa 3, kwa wiki 15, ni saa 90. Zibane kwenye wiki 6 upate saa 15 kila wiki, yaani karibu saa 4 kila siku, Jumatatu hadi Alhamisi. Hapo hujajisomea bado. Mwenye zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee atakuwa anasinzia juu ya bureti (mrija wa kudondoshea kimiminika), rangi ya waridi ishapitiliza na titresheni yote, yaani kule kupima ukolezi kwa matone, ni ya kumwaga.

Ila wanaotetea kiangazi wana hoja. Aliyemaliza sehemu ya kwanza mwezi Mei bado ana moli (kipimo cha kiasi cha dutu) kichwani, na hana fizikia wala baiolojia ya kumgombania. Muhula mrefu nao una hila zake: mimi niliusoma wote, na kabla ya mtihani wa mwisho nilifungua daftari la kasi ya mmenyuko nikaona kama la mtu mwingine.

Wasiwasi wangu uko kwenye asidi dhaifu. Chukua asidi ya siki, ambayo Ka yake, yaani kipimo cha nguvu ya asidi, ni 1.8 × 10⁻⁵. Ukolezi ukiwa 0.10 M (moli kwa lita), unachora jedwali la mwanzo, badiliko na mwisho, unakata njia kwa kuipuuza x (kiasi cha asidi kilichoachia ioni) kwenye 0.10 − x, unapata x ya 0.0013 hivi. Ni asilimia 1.3 tu ya 0.10, mkato umepita. Izimue asidi hiyo mara mia, iwe 0.0010 M. Mkato uleule unakupa 0.00013, asilimia 13, wakati mpaka unaofundishwa ni asilimia 5. Hapo huna budi kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili. Aliyezoea kupuuza x bila kukagua hajui kama amekosea mpaka arudishiwe karatasi.

Na jedwali hilohilo linakufuata kwenye bafa (myeyusho unaozuia pH isibadilike sana), kwenye titresheni, hadi kwenye chumvi zisizoyeyuka vizuri. Katika wiki 15, karatasi ya asidi hurudi kabla hujafika mbali. Kiangazi unaweza kukuta asidi ni Jumatatu, bafa Jumanne, titresheni Jumatano, mtihani Alhamisi, na kosa la Jumatatu limeshazaa na kujukuu. Saa za darasa ni zilezile. Kinachokatwa ni muda kati ya kukosea na kusahihishwa.

Kwa hiyo anayeweza kupunguza kazi namwambia aende, mradi kila jioni apate mtu wa kumsahihishia maswali mawili matatu, na chuo anakotaka kuhamia kimthibitishie kwa maandishi kwamba kitalipokea somo hilo. Asiyeweza asubiri.

Mwaka jana nilimwambia hivyo dada mmoja mwenye watoto wawili na zamu tatu za usiku. Akanijibu, "Kaka, na famasia nayo itanisubiri?" Akaacha zamu mbili, akajiandikisha kiangazi. Wiki ya tatu alinitumia picha ya daftari lake saa sita usiku. Pembeni mwa jedwali alikuwa ameandika kwa penseli: 13%, haipiti.